Chupa Nyekundu Dirishani kwa Mama Kubwa

Mama kubwa alikuwa ameacha kula, na mimi ndiye niliyeajiriwa kumlisha. Mtoto akikataa uji unamziba pua, anameza. Mzee akishafumba mdomo, umefumba.

Tulikuwa tumehamia Al Wukair, nje kidogo ya Doha, nyumba mpya ya ghorofa, ua wote vigae. Kule walikokaa zamani palikuwa na mkunazi nje ya dirisha lake, na chozi walikuja kila asubuhi, wale ndege wadogo weusi wenye kung'aa, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Huku dirisha lilitazama ukuta na tangi la maji. Alikaa hapo kutwa, shela begani. Nikimletea supu aliniuliza kwa Kiarabu chake cha taratibu, "Wamekuja?" Nikisema bado, aligeuza uso.

Daktari alishamwambia madam, mwajiri wangu na binti wa mama kubwa, kwamba mama akizidi kukonda atalazwa atiwe mpira wa chakula puani. Mama kubwa aliapa atauchomoa kwa mikono yake. Mimi niliusikia mpira ule puani mwangu. Mama yangu mzazi alifia Kisauni, Mombasa, nikiwa hukuhuku Doha, na kijiko cha mwisho alikishika jirani. Sikuweza kumpoteza na huyu, supu ikiwa mkononi mwangu.

Ili kuwavuta chozi, madam akaagiza mtandaoni chupa nyekundu yenye maua ya plastiki, ile wanayotundikiwa ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani wakinywa. Nikampigia rafiki yangu wa Nairobi, askari wa lindo anayekaa Industrial Area ya hapa Doha, nimuulize kama amewahi kuiona.

"Manze, hao ni wa majuu," akacheka. "Huku visa watapewa na nani? Wewe ita tu hao wenu wa Mombasa."

Hao wetu ndio niliokuwa nawataka. Nikachemsha maji na sukari, nikayapoza, nikaitundika chupa dirishani. Joto la Doha halina adabu: adhuhuri maji yalikuwa ya moto kama chai, jioni yamechacha. Wakaja sisimizi, wakaja nyuki, kisha kwenzi, ndege wenye midomo ya manjano, wakaing'ang'ania chupa mpaka wakaimwaga. Niliwatukana matusi ya Kisauni yote, raha yake hakuna aliyeyaelewa. Nikawa namwaga na kuchemsha upya, naisugua chupa kwa maji moto, naihamishia kivulini. Chozi hakuna. Ilifika mahali kila mfuko mweusi uliopepea juu ya ukuta nilidhani ndiye, moyo unaruka.

Ndipo akili ya Pwani ikanituma ujinga. Kwetu mgeni anayengojewa hufukiziwa. Nikachukua chetezo cha madam, nikatia makaa na udi, nikakizungusha chini ya chupa huku nikiomba kimoyomoyo waje. Mama kubwa akaniangalia muda mrefu, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani amepaliwa. Kumbe anacheka.

"Ya binti," akasema, "mbona unawafukuza? Udi ukishapita, mgeni anaaga."

Kwao udi huja mwisho, baada ya kahawa. Ukishafukizwa hukai tena. Nikacheka na mimi mpaka nikakohoa moshi. Katika kicheko kile akanywa nusu bakuli. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, mjinga mimi, nikidhani tumevuka.

Kesho yake akafumba tena. Keshokutwa vilevile. Madam akaniambia mlangoni, bila kunitazama, kwamba gari la hospitali litakuja. "Leo asipokula," akasema, "khalas."

Nikaingia na bakuli. Mfa maji hukamata maji, na mimi sikuwa na kingine cha kukamata. Mama kubwa akauliza, "Wamekuja?"

"Wamekuja," nikasema. "Wawili, mama, dume na jike. Wamekunywa mpaka chupa wameimaliza, wameruka sasa hivi tu. Ulikuwa umesinzia." Sijui maneno yalitoka wapi. "Kula kidogo, watarudi. Kula, mama, nakuomba."

Akageuka polepole kutazama dirishani. Chupa ilining'inia palepale, maji yamejaa pomoni kama nilivyoyatia. Akayatazama. Kisha akanitazama mimi, na nilikuwa nalia, siwezi hata kujifuta kwa sababu mkono mmoja una bakuli na mwingine una kijiko.

Akanyanyua pembe ya shela lake, akanifuta shavu moja, akanifuta la pili, akafungua mdomo.