Ni Mtu au Si Mtu

Otilia wa Milanzi alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alizalisha huku anafoka. Alimfokea mama, alimfokea mtoto anayechelewa, aliwafokea mpaka kuku waliojipitisha mlangoni, na hasira ikimzidi alihamia Kifipa. Serikali ilimpa semina ya wiki mbili na sanduku la bati lenye mkasi, nyuzi na glavu. Glavu ziliisha mwaka uleule. Kanisani nako walimfundisha jambo moja: mtoto akizaliwa dhaifu, asingoje padri. Ammwagie maji kichwani, aseme yale maneno, mtoto aende zake akiwa Mkristo.

Sasa sikiliza yaliyompata mwaka wa tisini na tano, mwaka ambao magari ya vyama yalizunguka Mazwi na Milanzi na vipaza sauti, kila mgombea akiapa kuturudishia mbolea ya ruzuku.

Ilianza wakati wa Kwaresima. Rhoda, binti wa miaka kumi na saba, mwimbaji wa kwaya, alipata mimba akaitoa. Ilimtoka na damu nyingi. Mama yake, Hilaria, alimkimbilia Otilia mchana kweupe bila hata viatu. Otilia akafanya kazi yake mpaka damu ikakata, akasafisha, akatoka nje na karai, akarudi, akamwambia Hilaria, "Mimi sijaja hapa." Akafunga mdomo wake. Lakini midomo ya Milanzi nani aifunge? Wiki mbili hazijaisha, habari ikawa imemfikia Baltazari.

Baltazari ndiye alikuwa katekista wa kigango, kanisa letu dogo lisilo na padri wake. Watu walimwita Mwalimu, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Jumapili akamsimamisha Rhoda mbele ya watu wote, akahubiri. Mimba ni mtu, alisema, tangu siku ya kwanza kabisa, ana roho kama wewe na mimi.

"Nawauliza, ni mtu au si mtu?"

"Ni mtu!" kanisa likajibu.

"Basi anayekubali Rhoda atoke kwenye kwaya, akae benchi la mwisho mpaka Pasaka ya mwakani, anyooshe mkono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Otilia. Tuseme ukweli, aliogopa. Binti akitoa mimba, mkunga ndiye wa kwanza kutupiwa macho, na siku ile macho yalikuwa yameshaanza kumgeukia. Bibi yake aliyemfundisha kazi alikuwa akisema mimba ni damu tu mpaka siku itakapocheza, lakini Otilia hakufungua kinywa kusema hayo. Alinyoosha mkono, na aliunyoosha juu. Na aliyempa binti yule mimba? Thubutu! Hakuna aliyemuuliza, na kwenye kwaya aliendelea kuimba besi.

Ikaja Agosti. Jane, mke wa Yonas, mwana wa pekee wa Otilia, alikuwa na mimba ya miezi mitano na ushee. Yonas alikuwa Tunduma na mahindi, maana siku hizo kila mwenye magunia matatu alijiita mfanyabiashara. Jane alikuwa amerudi na malaria kutoka bondeni kwa dada yake, na Jumamosi saa nane mchana uchungu ukamshika.

Mtoto akatoka. Wa kiume, anaenea kwenye viganja viwili. Akafungua mdomo mara moja, kisha mara ya pili. Otilia akageuka kutafuta maji, na bakuli lilikuwa palepale, hatua mbili. Wakati huohuo damu ya Jane ikafunguka, na haikuwa damu ya kawaida. Otilia aliliona bakuli. Alimlaza mtoto kwenye kanga, akarudi kwa Jane, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akakandamiza na kufoka, "Jane, hufi! Nakwambia hufi!" Damu ilipopungua, mdomo wa mtoto ulikuwa umetulia.

Beda wa zahanati mpya ya binafsi alikuja na dripu. Alipomaliza kumtundikia Jane, akatoa daftari lake akaandika: mimba imeharibika.

"Andika mtoto amekufa," Otilia akamwambia.

"Mama, chini ya wiki ishirini na nane hatuandiki mtoto."

"Ahaa. Na msichana akiitoa ya wiki kumi, polisi wanamkamata kwa kuua nini? Boga?"

Beda akaona heri afunge begi lake. Alikuwa kijana mpole, na kusema kweli sheria hakuitunga yeye.

Jane alikuwa amelala akitazama ukuta. "Mama," alisema, "msimzike nyuma ya nyumba."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mimba ikitoka, bibi wawili huichukua ndani ya chungu, wakaizika nyuma ya nyumba bila sala, na wanaume hawaulizi. Otilia mwenyewe alikuwa amezika nyingi kwa namna hiyo na hakuwahi kukosa usingizi.

"Nitakuwa namkanyaga kila nikianika nguo," Jane alisema. "Nataka azikwe makaburini na watu. Nimemwona akifungua mdomo."

"Atazikwa," Otilia akasema. "Ataitwa Mathias, kama babu yake. Lala."

Jioni Baltazari akaja kutoa pole. Otilia hakumpa nafasi ya kukaa vizuri. Alimwambia anataka kaburi kwenye makaburi ya kigango, msalaba, na sala.

"Ulimbatiza?" Baltazari akauliza.

"Sikuwahi. Mama yake alikuwa anakufa."

"Maji hayakuwepo?"

"Yalikuwepo."

Baltazari akashusha pumzi kama mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito. "Mama Yonas, wewe ulifundishwa. Sasa utaratibu unaujua. Mimba iliyotoka ina njia zake, wazee walishaziweka. Makaburi hatuyafungui kwa jambo hili."

"Kwa hiyo ningemwacha Jane afe, nikashike bakuli?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Nyumbani kwangu, mgonjwa anakusikia, umesema!" Akamfungulia mlango. Baltazari akatoka na kofia mkononi, na nyuma yake yakatoka maneno ya Kifipa ambayo katekista hapaswi kuambiwa.

Usiku kucha kifua cha Otilia kiliwaka. Jamani, mtu gani huyu! Mimba ya Rhoda ilikuwa mtu mwenye roho, mpaka binti wa watu akavuliwa joho la kwaya. Huyu aliyefungua mdomo mara mbili ni wa chungu na nyuma ya nyumba? Yaani mtoto ni mtu pale tu anapopatikana mwanamke wa kuadhibiwa?

Jumapili ibada ilipofika kwenye matangazo, Otilia aliinuka, akaenda mbele na kitenge mikononi. Kanisa zima lilijua kilichomo.

"Mwalimu, nina tangazo. Wakati wa Kwaresima ulituuliza swali, tukakujibu. Leo nakuuliza wewe. Huyu ni mtu au si mtu?"

"Mama Yonas, hapa si mahali..."

"Kama ni mtu, beba msalaba, twende makaburini. Kama si mtu, nenda benchi lile la mwisho, umwombe Rhoda msamaha mbele ya watu hawa, maana ulimhukumu bure. Chagua."

"Hii imetoka kwa mapenzi ya Mungu. Ile ilitolewa kwa..."

"Sikuulizi nani kaitoa! Nakuuliza ilikuwa nini!"

Upande wa wanawake ukaanza kuchemka. "Ajibu!" mmoja akasema, kisha wengine. Bibi mmoja mzee alikuwa analia waziwazi, na kila mwanamke wa umri wake alijua analilia nini. Baltazari akafungua kitabu, akakifunga. Hatimaye mzee Leonardi, mwenyekiti wa kigango, akasimama na fimbo yake.

"Mwalimu, tukamzike mtoto. Usitutie aibu."

Baltazari akautwaa msalaba. Hakusema ni mtu wala si mtu. Aliubeba tu, akatangulia, na wanaume wakamfuata kutafuta majembe.

Otilia alikuwa ameshinda. Machozi yalimtoka, ya hasira na ya furaha pamoja. Akageuka kwenye benchi la mwisho, akamwita, "Rhoda, mwanangu, njoo. Wewe ndiye utatangulia nami. Tukazike pamoja."

Rhoda akasimama. Hakuja mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkono wako ndio ulipanda wa kwanza siku ile. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenishika. Nikasema moyoni, mama huyu atasema neno. Leo umenikumbuka kwa sababu unatafuta kaburi. Sawa. Wako ana jina, nimesikia. Wangu ulimweka wapi?"

Hilaria, pembeni ya binti yake, akaziba mdomo kwa kanga. Yeye alijua.

Otilia angeweza kusema nyuma ya nyumba. Watu wangeamini, na Rhoda pia angeamini. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alimtazama yule binti, akakumbuka lile karai, jinsi alivyokuwa na haraka, jinsi ambavyo hata hakutazama ndani yake. Hasira yote aliyokuja nayo kanisani ikamrudia mwenyewe, na hakuwa na wa kumfokea.

"Chooni," alisema. "Nilimmwaga chooni kwenu, mwanangu. Halafu nikaja hapa nikasema ni mtu."

Rhoda hakulia. Alijifunga kanga vizuri kiunoni.

"Haya," alisema. "Nenda kazike wako."

Akatoka.