Kichujio Kibichi

Msimamizi wa hoteli alimzaba kofi mama wa usafi mbele yetu wageni, baada ya mama huyo kufanya kazi hapo miaka kumi na minne. "Umeiua mashine ya kufyonza vumbi! Haifyonzi hata unywele. Leo kazi huna, mama."

Mama aliifungua mashine, akachomoa kichujio na kukikamua. Maji meusi yakamchuruzika kiganjani.

"Nilikwambia, bosi, kikioshwa kianikwe siku nzima. Ukaniita mvivu, ukakirudisha kibichi mwenyewe. Vumbi limekuwa tope."

Msimamizi akainua mkono tena. Mama akamtwanga bomba la mashine kwenye kiwiko, mfupa ukalia ko!

"Sasa nifukuze," alisema, "lakini kwa kosa langu."

Alifukuzwa papo hapo, akashuka ngazi.