Alkoholi Ndani ya Singo

Mimi ni somo. Kazi yangu kuwaweka wari ndani kabla ya harusi, kuwasugua singo na kuwafunza. Singo naitwanga mwenyewe: liwa, mawaridi, karafuu za Kidichi. Yule msichana wa Malindi, hapa hapa mjini Unguja, ngozi yake ilikuwa kavu kama dagaa, ndipo nikachanganya na mafuta mazito ya kopo.

Akaingia shangazi yake bwana harusi, akaliokota kopo, akasoma maandishi ya nyuma.

"Alkoholi," akasema. "Mnampaka ulevi, na kesho anaolewa kwetu?"

Mjukuu wangu, anayesoma kemia chuoni Tunguu, alikuwa ananisaidia kutwanga. Akamjibu kwa adabu. "Shangazi, alkoholi si kitu kimoja, ni ukoo mzima. Mmoja ndio ulevi. Hii ya kwenye kopo iko kama nta, haimlevyi mtu."

"Jina moja, najisi moja."

"Jina lenyewe limetoka kwenye wanja. Waarabu wakiuita al-kuhl, unga uliosagwa laini. Wazungu wakalitumia kwa kila unga laini, halafu kwa kila kilichochujwa kikabaki kiini. Kiini cha mvinyo nacho wakakiita hivyo. Baadaye wataalamu wakawapa jina hilo jamaa zake wote."

"Na wewe hayo macho umeyatia nini?" nikamuuliza yule mwanamke, maana wanja ulimjaa mpaka kwenye kope. "Kayaoshe kwanza."

Akanipa mgongo, akamgeukia mwari. "Kwetu huingii na uchafu huo. Kaoge. Nshamwita somo wetu, yuko njiani."

Mwari akaniangalia. Mama yake, aliyenileta mimi, akaangalia mkeka. Mjukuu wangu akafungua tena mdomo, nikamwambia anyamaze. Yule shangazi hakuwa na haja na maana ya neno. Alitaka ijulikane nani mwenye amri kabla mtoto hajahamia kwao. Na alishinda, kwa sababu mwari aliinuka, akajifunga kanga, akaenda kuoga.

Niliyasikia maji yakimwagika. Singo iliyobaki nikaimimina kwenye ndoo ya taka mbele ya macho yao, nikachukua mchi wangu. Mama mtu akanifuata ukumbini.

"Somo, usiondoke na kinyongo."

"Nnaondoka nacho," nikamwambia.

Yule mwari sasa ana watoto. Tukikutana sokoni Darajani huniamkia. Mimi napita.