Jina Chini ya Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo mbili, brashi ya katani na jengo zima la mahakama hapa Kampala. Vita vilikuwa vimekwisha. Mahakama ile ya wakoloni, yenye kuta nene na madirisha marefu, ilikuwa imegeuzwa kambi, na askari waliokaa humo walichoma viti vya mawakili kupikia maharagwe.

Msimamizi wa Majengo, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, aliniambia, "We Juma, anzia mahabusu. Hakimu anakuja Jumatatu. Sitaki kuona weusi wa moshi ukutani."

Mahabusu ni chumba wanamokaa washtakiwa wakisubiri kuitwa. Kuta zake zilikuwa nyeusi tii kwa moshi. Nilichuja chokaa, nikatia chumvi ili ishike, nikapaka mkono wa kwanza. Mkono, kwetu mafundi, ni mpako mmoja. Maandishi ya misumari niliyaona ukutani, nikayapita. Nilikuwa kijana, na haraka ya kusifiwa ilinizidi.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Saida, muuza samaki wa Ggaba. Alisimama mlangoni akashika kichwa.

"Banange! Fundi, umefanya nini? Jina ya bwana yangu iko hapo!"

Mumewe alikamatwa na askari wakati wa vita, hakurudi. Sasa shemeji yake alikuwa ametoa hati kwamba ndugu yake alimwuzia nyumba yao ya Bukoto. Lakini mfungwa mmoja aliyetoka hai alimwambia mama yule kwamba siku iliyoandikwa kwenye hati, mumewe alikuwa amefungwa humu, akichora ukutani jina lake na tarehe. Kesi ilikuwa wiki ile ile ya Hakimu kufika. Mfungwa yule hakuonekana tena; shahidi wake pekee alikuwa ukuta, nami nilikuwa nimemziba mdomo.

Niliona aibu. Nikachukua maji na kitambaa, nikaanza kufuta kazi yangu mwenyewe. Chokaa changa hukubali maji: ya juu ilitoka, ya ndani ya mikwaruzo ikabaki. Herufi zikasimama nyeupe juu ya weusi, wazi kuliko nilivyozikuta.

"Ni yeye?" aliuliza, maana hakujua kusoma.

"Ni yeye, mama. Na tarehe ipo."

Akakaa sakafuni akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Msimamizi alitukuta hivyo. Nikamweleza, nikingoja kufukuzwa. Alisoma ukuta, akakohoa. "Uache huo. Hakimu nitamwambia mwenyewe."

Ukuta haubebwi kupelekwa mbele ya meza kama vielelezo vingine vya ushahidi, basi Hakimu alihamishia kikao mahabusu. Alisoma hati, akasoma ukuta, akamgeukia shemeji.

"Bwana, ndugu yako alikuuzia nyumba akiwa humu ndani?"

Mama Saida akabaki na nyumba yake.

Baadaye nilihamishiwa Jinja, kisha Masaka, nikarudi Kampala nikiwa msimamizi, hadi nikastaafu. Vijana wa sasa wanapaka rangi ya mafuta, ambayo haifutiki kwa maji. Huwaambia wausome ukuta kwanza, nao hucheka kwamba mzee amezeeka. Jambo moja sijawahi kuwasimulia. Hukumu ilipokwisha kusomwa, Msimamizi aliniagiza nimalize kazi, na mkono ukagoma kuinua brashi. Mama Saida akaninyang'anya.

"Lete, fundi. Mimi sikuzika yeye."

Akapaka jina lile polepole, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka likafunikwa.