Filimbi ya Mzee Taratibu

Muhiddin Borafya, aliyekuwa mpiga fidla wa klabu moja ya taarab hapo mjini, alijaaliwa mke mbishi, na alimshukuru Mungu kwa hilo. Wenzake walioa wanawake wapole. Yeye alikwenda kuoa kijijini Paje, akamleta Tahiya nyumbani kwake mtaa wa Mkunazini, na tangu hapo hajapata kusema neno juu ya muziki likapita salama.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya simfoni moja ya Kijerumani. Muhiddin aliinunua katika santuri wakati wa ujana wake, kwa jirani mmoja Mgoa aliyekuwa akihama. Siku ya kwanza Tahiya kuisikia, bado bibi harusi, aliisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza imekuwaje wakusanyike watu wote hao na asiimbe hata mmoja. Muhiddin alicheka mpaka akatokwa na machozi. Lakini mwanamke hakuacha kusikiliza, na taratibu akaanza kuwa na maoni yake.

Binti yao Fathiya alipowawekea kwenye simu simfoni ileile, imepigwa na okestra nyingine, maoni yakageuka vita. Kiongozi wa okestra ya kwenye santuri walimbandika jina la Mzee Taratibu, na wa kwenye simu wakamwita Bwana Haraka. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana waliwasikiliza wote wawili. Muhiddin alishikilia kwamba Mzee Taratibu anaipa kila sauti nafasi ya kuvuta pumzi. Tahiya alisema mzee huyo kasinzia, anapiga kama mtu anayechambua mchele.

Kuna mahali, karibu na mwisho wa sehemu ya pili, fidla zinashuka na filimbi ndogo inapanda peke yake, nyembamba kama uzi. Hapo, bila ya mwenyewe kujijua, kidole cha shahada cha Tahiya huinuka kutoka gotini. Muhiddin alikipenda kidole kile kuliko filimbi yenyewe, ingawa hakuwahi kumwambia.

Mwaka huu filimbi ikaanza kupotea. Ilipotea kwanza kwa Bwana Haraka, na Muhiddin akafurahi kuona yale aliyoyasema siku zote yamethibitika. Tahiya akabisha kama kawaida yake. Kisha ikapotea na kwa Mzee Taratibu, na hapo furaha ikamtoka. Akabadilisha sindano ya gramafoni. Akaosha santuri kwa maji ya vuguvugu. Akamwita Simai, fundi wa redio, naye akaifungua spika, akaisikiliza, akasema ni nzima, haina kitu. Muhiddin akanung'unika kwamba mafundi wa siku hizi hawajui lolote. Tahiya alikuwa kasimama mlangoni na sinia ya chai, na siku hiyo hakutia neno.

Ijumaa iliyofuata Muhiddin alilalamika tena kwamba filimbi haipo, kisha akajiweka sawa kusubiri Mzee Taratibu atukanwe.

"Kweli," alisema Tahiya. "Hata mie siisikii."

Muhiddin alifurahi. Miaka yote ile, na leo kashinda! Alikunywa chai yake kwa raha, akaomba kikombe cha pili, na kikombe kikiwa mkononi akaona ushindi wenyewe hauna ladha. Kidole je? Hakukiangalia.

Ijumaa ya pili yake alikiangalia. Fidla zikashuka. Kwa Muhiddin pakawa kimya kabisa, lakini gotini pa mkewe kidole kikainuka, kikakaa juu, kikashuka palepale kilipozoea kushuka.

"Haipo tena," alisema Muhiddin.

"Haipo," Tahiya akajibu.

Basi Muhiddin akajua. Sindano ilikuwa nzima, spika nzima, na Simai ni fundi kweli. Aliogopa, kwani maisha yake yote alikuwa mtu wa masikio. Lakini kilichomuumiza zaidi ni mkewe kumhurumia hata akaacha kubishana naye. Aliona siku zake zilizobaki ataitikiwa ndiyo, ndiyo, kama anavyoitikiwa mgonjwa.

"Tahiya, wewe unaisikia."

"Nnaisikia."

"Mbona unankubalia?"

"Nlikuwa nakuonea huruma, baba Fathiya."

"Usinionee huruma. Nibishie. Ukinyamaza na wewe, hapo ndo ntakuwa kiziwi kweli."

Tahiya alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema Jumatatu watakwenda hospitali kupimwa hayo masikio, na hilo halina mjadala. Muhiddin akairudisha sindano nyuma kidogo. Safari hii hakuitazama santuri, alikitazama kidole. Kilipoinuka, filimbi ikamjia kutoka kule alikoihifadhi tangu ujanani, naye akaifuata mpaka akaridhika.

"Unaona?" alisema. "Nani mwengine anaweza kuivuta ikawa ndefu namna hii?"

"Uongo," alisema Tahiya, kidole kingali juu. "Ishamaliza zamani. Nlikuwa nakutazama wewe, nkasahau kukishusha."

Muhiddin akambishia mpaka adhana ya alasiri.