Waya Nyuma ya Meza ya Mkuu

Mkuu wangu wa kitengo alisema mbele ya watu kumi na wanne kwamba nimefuta taarifa ya mwaka mzima. Alikuwa amesimama karibu na projekta, ukutani pamebaki mraba wa mwanga mweupe usio na kitu, akaninyooshea kalamu.

"Huyu dada wa masijala ndiye aliyeishika mashine yangu juzi," alisema. "Watu wasio na taaluma wakiachiwa kuchezea vitu vya ofisi, matokeo ndiyo haya."

Mimi nilikuwa mwisho wa meza, naandika muhtasari wa kikao. Mkono uliendelea kuandika, masikio yanawaka moto. Niliporudi kusoma daftari langu baadaye, nilikuta nimeyaandika maneno yake yote, neno kwa neno.

Ni kweli niliishika mashine yake. Mimi si mtu wa TEHAMA, nimesomea utunzaji wa kumbukumbu, lakini mambo ya kompyuta nilijifunza nyumbani Nkuhungu, kwenye mashine kuukuu iliyokuwa inapiga milio mitatu na kugoma kuwaka. Vumbi la Dodoma linaingia hata penye mfuniko. Nilimaliza Jumamosi nzima nayo sakafuni, mpaka nikatoa ile kadi ndogo ya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikaipachika tena. Ikawaka. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Kuanzia hapo majirani wakawa wananiletea simu zilizojaa na printa zilizomeza karatasi. Ofisini nako ikawa "dada, njoo uone mara moja", kwa sababu afisa wetu wa TEHAMA alihudumia ghorofa tatu peke yake na ilikuwa bahati kumpata.

Jumanne ile mkuu aliniita mwenyewe. Flashi yake ilikuwa imeingiza kirusi kile kinachoficha mafaili na kuacha vivuli vyake tu. Niliisafisha mashine, mafaili yakarudi yote, akaniambia ahsante. Alhamisi, kikaoni, akaitafuta taarifa asiione.

Kikao kilipoisha nilimfuata koridoni. "Mkuu, naomba niitafute kwa jina tu. Dakika moja."

"Usiguse tena mashine yangu."

Wenzangu waliiandika taarifa upya kwa wiki mbili, na kila aliyepita mlangoni kwangu alinitupia jicho. Nilipewa barua ya onyo. Ofisi yetu ni ndogo, masijala tulikuwa wawili na mwenzangu alikuwa likizo, kwa hiyo nakala ya barua ile niliipokea mimi. Niliigonga muhuri, nikaipa namba, nikaitia kwenye jalada langu mwenyewe. Halafu nikaenda chooni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Baada ya hapo nilimchukia kwa utaratibu, kama ninavyopanga majalada. Nilikumbuka saa aliyoingia na saa aliyotoka. Nilijua siku alizosahau nywila yake. Nikisikia anaipigia kelele printa yake chumba cha pili, nilijua tatizo ni nini kwa mlio wake tu: karatasi imeshika unyevu, au trei haijaingia vizuri. Nilikuwa nikiinywa chai yangu taratibu, nasikiliza.

Miezi kadhaa ikapita hivyo. Kisha afisa wa TEHAMA akaenda mafunzo Hombolo kwa mwezi mzima, na wiki hiyohiyo mtandao kwenye kompyuta ya mkuu ukaanza kukatika. Nilipompelekea majalada niliona sababu nikiwa bado nimesimama. Kile kiulimi cha plastiki kinachoukamata waya kwenye tundu lake kilikuwa kimevunjika. Meza ikitikiswa, waya unalegea, mtandao unapotea. Ukiusukuma, unarudi. Yeye alikuwa anazima na kuwasha, anazima na kuwasha, jasho linamtoka.

Sikumwambia. Na siku ya tatu nilifanya jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote pale ofisini. Karatasi ilianguka nyuma ya meza yake, nikainama kuiokota, na nikiwa kule chini niliuvuta waya kwa vidole viwili, kiasi cha upana wa ukucha. Taa ndogo ya kijani ikazimika. Nikasimama, nikajifuta vumbi, nikasema, "Kazi njema, mkuu."

Nilitembea mpaka masijala nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi letu, ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi zake. Nilikuwa nimemwona siku mbili kabla, na siku nyingine kabla ya hapo.

"Shikamoo, mama. Hujahudumiwa tu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi natoka Chemba. Jina langu wameandika siyo." Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno mojamoja. Alitoa karatasi tatu, na kila moja ilikuwa na jina lake limeandikwa tofauti, kwa sababu lilianza na ule mlio wa kugonga ulimi wa lugha ya kwao, ambao makarani wetu hawana herufi yake. Kila mmoja alikuwa amebahatisha. Bila jina moja kwenye karatasi zote, kiwanja chake kisingetambulika kuwa ni chake.

"Wamesema nini?"

"Wanasema mtandao hakuna. Mara ya tatu hii. Nalala kwa mdogo wangu Area D, lakini mume wake amechoka na mimi."

Marekebisho ya jina yalikuwa yanaidhinishwa kwenye kompyuta moja tu ya kitengo chetu. Ya mkuu.

Nilikaa kwenye kiti changu nikashindwa kufungua jalada. Wiki nzima niliamini nimembana mkuu, kumbe yeye alikuwa anaondoka saa tisa na nusu kama kawaida yake, anakwenda kula nyama choma. Aliyebanwa alikuwa huyu mama. Nilijionea haya, na haya yenyewe ikaniongezea hasira. Niliona kwamba nilikuwa nimelipiza kisasi kama mwoga, nimejificha chini ya meza.

Nikamshika mama mkono. "Njoo, mama. Tunaingia wote."

Mkuu aliinua uso. "Nilikwambia nini kuhusu—"

"Mtandao wako naurudisha sasa hivi, mkuu. Huyu mama amekuja mara tatu."

Labda ni kwa sababu mama alikuwa anatazama, lakini mkuu alinyanyuka kwenye kiti. Niliusukuma waya, nikaubana kwa kipande cha selotepu, taa ikawaka. Alikaa, akafungua ukurasa, mama akataja jina lake mara nne, tukakubaliana herufi, mkuu akaidhinisha. Dakika tano. Mama alifumba macho, akashukuru kwa lugha yake.

Mkuu akaondoka mezani kwenda kuchukua karatasi kwenye printa. Mimi nikakaa kwenye kiti chake.

"Unafanya nini?"

"Ile dakika moja niliyokuomba."

Niliandika jina la taarifa kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikatokea. Nilisoma kwa sauti, na katibu muhtasari wake, mama mtu mzima aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai, alisikia kila kitu.

"Taarifa ya mwaka. Imo ndani ya folda inayoitwa Picha za Sendoff. Imehifadhiwa mara ya mwisho Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri. Mimi niliishika mashine hii Jumanne."

Alikuja akainama kwenye skrini. "Hivi vitu vinajihamisha."

"Havijihamishi, mkuu. Ulibonyeza, ukaburuta, ukaachia ilipofika kwenye picha za binti yako."

Alitazama mlangoni, akatazama dirishani. "Basi, dada yangu. Yamekwisha. Yabaki humu ndani."

"Hukuniaibisha humu ndani."

Nilichapa ukurasa unaoonyesha tarehe, nakala mbili. Mama wa Chemba, ambaye hakuelewa ugomvi wetu, alitoa kwenye mfuko wake chupa ya asali akampa mkuu kwa mikono miwili, maana kidole kilichobonyeza kilikuwa chake. Akaipokea. Hilo nalo sijalisahau.

Jumatatu kulikuwa na kikao, na mwandishi wa muhtasari ni mimi. Kwenye ajenda, chini ya Yatokanayo na vikao vilivyopita, niliongeza kipengele kimoja: kupatikana kwa taarifa iliyodaiwa kufutwa. Nikaambatisha ule ukurasa. Mkurugenzi alikisoma kwa sauti, akauliza, "Hii ikoje?" Mkuu alieleza kwa sauti ya chini, na kila alipomeza neno nilinyanyua kalamu nikasema, "Samahani, mkuu, sijasikia. Rudia niandike." Alirudia mara tatu. Ningeweza kumwacha baada ya mara ya kwanza. Sikutaka.

Barua ya onyo iliondolewa kwenye jalada langu. Msamaha hakuomba, na mimi kuhusu ule upana wa ukucha sikumwambia. Mwaka uliofuata alihamishiwa mkoa mwingine, uhamisho wa kawaida tu. Siku ya mwisho alipita masijala kusaini, akasimama kidogo dirishani.

"Umeridhika sasa?" aliniuliza.

"Bado, mkuu."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyedhani ni utani, akashuka ngazi. Nikafunga daftari la makabidhiano, nikaenda kumwonyesha afisa mgeni jinsi ya kuunganisha printa.