Lita Saba, na Wali wa Saa Tisa

Fundi alinipigia simu nikiwa jikoni nachuja tui, akanipa mambo mawili nichague moja. Injini ya gari la marehemu baba ilikuwa ishafunguliwa, na pistoni zimeganda kwa kutu. Ama azichonge silinda zilezile, atie pistoni pana na krenki nyingine, lita tano na pointi saba zifike sita na pointi tatu. Ama aing'oe yote, atie injini nzima ya lita saba. "Hiyo ya saba, dada, ukikanyaga tu inaondoka na wewe," akasema. Ni mtu wa Tanga, gereji yake iko hapahapa mtaani Darsait, na kusubiri hakuwezi. Nikamwomba siku mbili. Kisha nikamuuliza nililotaka hasa kujua: akiichonga ile ya zamani, mlio wake utabaki? "Utakuwa mzito kidogo," alisema, "ila sauti itabaki ileile ya kwake."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikata simu bila kuaga, na ili unielewe, rafiki yangu, itabidi nikurudishe utotoni.

Baba alilinunua gari lile kwa Mmarekani mmoja wa Madinat Sultan Qaboos aliyekuwa akirejea kwao. Milango miwili, boneti refu, rangi ya damu ya mzee. Mtaa wetu ulikuwa wa gari za Kijapani, zinapita kimya kama paka. La baba lilinguruma kwa silinda zake nane, halafu moja ikachelewa, ikakohoa. Majirani walimsihi alitengeneze, wachanga wao hawalali. Baba akicheka tu. "Ukipenda boga," akiwaambia, "penda na ua lake."

Bibi, mama yake baba, aliyevuka bahari kutoka Unguja kuja huku ng'ambo na upawa wake wa kifuu mkobani, alikuwa na sheria moja nyumbani: wali haupakuliwi mpaka gari lisikike kilimani. Baba akitoka ofisini Ruwi, akifika chini ya kilima chetu yapata saa tisa, alipunguza gia, na vikombe kabatini vikaanza kugongana. Hapo ndipo bibi alipofunua sufuria. Chumba kikinukia nazi na hiliki, mchuzi wa papa ukimiminwa, achari ya ndimu ikitolewa kwenye chupa, na mimi kazi yangu kutandika sufra ya kulia sakafuni. Baba alipovua viatu alikuta moshi ndiyo kwanza unapanda sahanini. "Wali haungoji mtu, na mtu hangoji wali," bibi alikuwa akisema. "Wakutane mlangoni."

Nilikuwa na miaka tisa. Siku hiyo betri ilikuwa imekufa, baba akaenda kazini na gari la jirani, lake likabaki uani chini ya turubali. Mchana ule joto lilikuwa limewafungia watu wote ndani, hata kunguru hawalii. Natandika sufra, mara nikasikia vikombe vinagongana. Mngurumo ulipanda kilima, ukakohoa palepale ulipozoea kukohoa, ukaja kuzimika mlangoni kwetu. Nikachungulia dirishani. Mlangoni hapakuwa na kitu. Uani turubali lilikuwa limelala vilevile na vumbi lake.

"Bibi, gari si lile pale?"

Uso wa bibi ulikuwa umesawijika, lakini mkono wake haukusita. "Tandika, mwanangu," aliniambia. "Nnamsikia. Keshafika."

Akapakua sahani ya baba. Tukakaa mbele yake, sisi wawili, tukiutazama moshi ukipungua. Kisha simu ikalia. Baba, aliyekawia ofisini siku hiyo, alikuwa ameanguka mezani kwake, moyo umesimama, na walipotutajia saa, ilikuwa ileile.

Mlio haukukoma. Mama, ambaye siku ile hakuwapo nyumbani, na sasa naye ametangulia, hakuusikia hata siku moja. Aliuliza tu kwa nini bibi hupakua sahani ya ziada, na bibi akimjibu kuwa ni ya sadaka, na kweli baadaye aliipeleka kwa vibarua wa jirani. Nimesoma, nimeolewa, nimeachika, nimerudi nyumba ileile kumlea bibi, na kila siku saa tisa vikombe viligongana. Utaniambia nilipaswa kuzoea. Sikuzoea. Nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote, lakini kwa miaka thelathini sikuthubutu kuufungua mlango ule saa ile, kwa kumwogopa atakayekuwa amesimama nje. Hata nilipolitoa gari chini ya turubali lilikolala miaka yote hiyo, injini ikawa vipande vipande kwenye sakafu ya gereji, saa tisa mlio ulipanda kilima na kukohoa.

Basi nikachagua lita saba. Nilimwambia fundi nataka nguvu ya kupandia milima ya Nizwa. Uongo mtupu. Nilitaka kulala usingizi wa mchana kama watu wengine.

Fundi aliifunga injini mpya, na ile ya zamani ikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kesho yake nikatandika sufra. Saa tisa ikafika, vikombe vimetulia. Bibi, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa ameshika upawa na sikio kalielekeza mlangoni. "Leo kachelewa," alisema. Wali ukapoa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu alikataa kula kabisa, nikakimbilia gerejini na ushungi mkononi, nikamwambia fundi anirudishie chuma changu. Alinionyesha sakafu. Palikuwa na doa la oili tu; chuma chenyewe kilikuwa kishayeyushwa. Majuto ni mjukuu, walisema, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Nyumba yetu sasa haina cha kutisha. Nafungua mlango saa yoyote nitakayo, nje kuna jua na ukuta wa jirani, na najisikia yatima kwa mara ya kwanza.

Siku hizi, kabla ya saa tisa, nalitoa gari na kuzunguka mpaka chini ya kilima. Napunguza gia pale alipokuwa akipunguza baba, nakanyaga. Lita saba zinanguruma, nzima, hazikohoi. Nalizima mlangoni, napitia uani, naingia kwa mlango wa jikoni. Namkuta bibi kakaa mbele ya sufuria lililofunikwa, na nikitoa salamu ananyoosha mkono kunitafuta.

"Kuna mgeni nje," ananiambia. "Kamfungulie, mwanangu. Lakini usipakue bado. Tumngoje baba yako."